Msambweni na Kinga Isiyosahau

Watalii wengi wanaovuka kivuko cha Likoni huishia Diani, kwenye mchanga mweupe na mahoteli yake. Anayeendelea kusini kwa barabara ya Lunga Lunga, akaipita Ukunda, akaipita na Gazi, hufika Msambweni, kilomita zipatazo 55 kutoka Mombasa. Ni mji wa wavuvi, wa minazi na mikorosho, wenye hospitali ambayo leo ni ya rufaa kwa Kaunti ya Kwale. Kwa miaka mingi jina la mji huu lilikwenda pamoja na ukoma. Pale Tumbe palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma, na wapo waliopona kabisa wasirudi makwao. Walibaki pale wakazeeka pale, kwa sababu jamaa walikuwa wamekwisha kuwazika mioyoni.

Historia hiyo husimuliwa kwa huruma, na huruma wanaistahili. Lakini Msambweni inastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Katika mji huu na vijiji vinavyouzunguka yamekutana mambo mawili: bakteria wanaoweza kukaa ndani ya mtu kwa miongo, na watafiti waliotaka kujua mwili hukumbuka nini juu ya wageni wa namna hiyo. Waliyoyaona yamewafundisha wanasayansi wa mbali kwamba kinga ya mtoto huanza kuandikwa kabla hajazaliwa.

Ukoma ni ugonjwa wa kale. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ufaransa na wenzao walilinganisha vinasaba vya bakteria waliotoka pembe mbalimbali za dunia, wakapendekeza kwamba asili yake huenda ni Afrika Mashariki au Mashariki ya Karibu, kisha ukasambaa pamoja na wasafiri, wafanyabiashara na watumwa. Aliyemwona bakteria mwenyewe kwa mara ya kwanza ni daktari wa Norway, Gerhard Hansen, mjini Bergen mwaka 1873. Hadi leo hakuna aliyefaulu kumkuza katika sahani ya maabara. Anajigawa polepole mno, mara moja kwa muda unaokaribia majuma mawili, ilhali bakteria wengi hujigawa kwa dakika au saa. Kwa sababu hiyo dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na pengine 20 au zaidi. Mtu anaweza kuambukizwa utotoni na baka la kwanza likaonekana akiwa na watoto wake mwenyewe.

Jambo ambalo wale waliowafukuza wagonjwa hawakulijua ni hili: karibu watu 95 katika kila 100 hawaugui ukoma hata wakiishi na bakteria wake. Kinga yao inatosha. Kutengwa kote kule, vibanda vya peke yake, vyombo vya peke yake, ndoa zilizovunjwa, kulitokana na hofu ya ugonjwa ambao miili ya watu wengi huuzuia bila hata wenyewe kujua.

Inauzuiaje? Ugonjwa wa surua unatoa mfano mwepesi zaidi wa kumbukumbu ya kinga. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, na daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, akagundua kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuguswa tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita bila ugonjwa huo kuonekana visiwani. Kirusi aliingia, akapigwa, akatoka, na seli za kumbukumbu zikabaki na sura yake.

Bakteria wa ukoma na ndugu yake wa kifua kikuu hawatoki. Wanaingia ndani ya seli zilezile zilizotumwa kuwameza, ziitwazo makrofeji, wanakataa kusagwa, wanafanya makao humo. Kingamwili zinazoelea katika damu haziwafikii. Wanaoweza kufanya kitu ni askari wa aina nyingine, seli T, ambazo huitambua makrofeji iliyovamiwa na kuipa amri ya kemikali, hasa kwa kitu kiitwacho intaferoni gama, ili iamke na kumuua aliyemo. Mara nyingi hawamalizi kazi. Huwazungushia bakteria ukuta wa seli na kukaa hapo, mithili ya wanakijiji waliomzingira chui ndani ya nyumba: hawathubutu kuingia, wala hawaondoki mlangoni. Kumbukumbu ya surua ni ya vita iliyokwisha. Hii ni ya vita inayoendelea, na seli T zisipoburudishwa na kupewa nguvu mpya, zamu hulegea.

Wagonjwa wa ukoma waliyaonyesha haya kwa ngozi zao, miaka mingi kabla maabara hayajaweza kuzihesabu seli T. Wawili wangeweza kuishi nyumba jirani, na ugonjwa mmoja, lakini wasifanane. Mmoja ana baka moja au mawili, makavu, yasiyohisi kitu, na ukichukua kipande cha ngozi yake bakteria hawaonekani. Mwingine ana vinundu usoni na masikioni, nyusi zimepukutika, na ngozi yake imejaa bakteria kwa mamilioni. Mwaka 1966 madaktari wa Uingereza D. S. Ridley na W. H. Jopling walizipanga hali hizo katika mstari mmoja wenye ncha mbili. Ncha ya kwanza seli T zinafanya kazi kwa nguvu. Ncha ya pili seli T zimenyamaza mbele ya bakteria huyu tu, ingawa zinapambana vizuri na maradhi mengine. La kushangaza, wagonjwa wa ncha ya pili ndio wenye kingamwili nyingi zaidi katika damu. Silaha wanazo tele, ila si zile zinazofaa kwa adui aliyejificha ndani ya seli.

Kensuke Mitsuda, daktari wa Japani, alikuwa ameliona hilo tangu 1919. Aliwadunga wagonjwa ngozini dawa iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa, akasubiri majuma matatu hadi manne. Wenye mabaka machache walivimba mahali pa sindano. Wenye vinundu hawakuvimba. Mwili wa kwanza ulikumbuka, wa pili haukuonyesha kumbukumbu yoyote.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu kukumbuka nako kuna gharama yake. Mishipa ya fahamu ya mikono, miguu na uso ndiyo makao anayoyapenda bakteria wa ukoma. Kinga inapozinduka ghafla na kumshambulia, inaishambulia na mishipa. Mkono unavimba, unauma, na katika siku chache vidole vinaweza kukunjika visinyooke tena, au kope zisifumbe. Madaktari huita hali hiyo mmenyuko wa ukoma, na inaweza kumpata mtu katikati ya matibabu au hata baada ya kupona, kwa kuwa mabaki ya bakteria waliokufa yamo bado mwilini na seli T zinayatambua. Ulemavu mwingi ambao watu huuita ukoma umesababishwa na kinga yenyewe. Wagonjwa wengi waliacha dawa wakiamini dawa ndiyo inayowalemaza, na ni vigumu kuwalaumu. Leo mmenyuko hutulizwa kwa prednisoloni, mradi mgonjwa afike hospitali mapema.

Dawa za kumuua bakteria zilichelewa kufika. Kabla ya miaka ya 1940 wagonjwa walidungwa mafuta ya mti wa chaulmoogra kutoka Asia, sindano zenye maumivu makali na faida haba. Kisha ikaja dapsoni, vidonge vya bei nafuu vilivyomezwa kwa miaka, na kwa wengine maisha yote. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 usugu dhidi ya dapsoni ulikuwa umethibitishwa. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa tatu kwa pamoja: dapsoni, rifampisini na klofazimini, ile inayotia ngozi weusi. Kwa matibabu hayo mwenye ugonjwa mwepesi humaliza kwa miezi 6, na mwenye ugonjwa mzito kwa miezi 12.

Kenya ilikuwa imeanzisha mpango wa taifa wa kupambana na ukoma na kifua kikuu mwaka 1980, magonjwa mawili chini ya paa moja, na kufikia 1989 wagonjwa wa ukoma nchini walikuwa wamepungua chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Kiwango hicho ndicho dunia ilichokubaliana kukiita mwisho wa ukoma kama tatizo la afya ya jamii. Wagonjwa wapya walitibiwa makwao. Waliobaki Tumbe walikuwa wale ambao ukoma wenyewe ulikuwa umeondoka, na makwao hakuna aliyewangoja.

Kifua kikuu hakikupungua hivyo. Robert Koch alimtambua bakteria wake mwaka 1882, na mwaka 1890 akatangaza kwamba amepata tiba, maji yaliyotolewa kwa bakteria hao na kuitwa tuberkulini. Haikutibu, na wagonjwa kadhaa walikufa. Lakini kosa hilo liliacha chombo chenye thamani. Mtu aliyewahi kuingiwa na bakteria, akidungwa tone la tuberkulini ngozini, huvimba baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu seli T zinazokumbuka hukusanyika pale. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna alikitumia kipimo hicho kwa watoto, akaona kwamba wengi wasio na dalili yoyote walikuwa na kumbukumbu hiyo. Leo inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya wanne duniani amewahi kuambukizwa, na kati ya hao 5 hadi 10 katika kila 100 ndio watakaougua maishani mwao.

Nini hutokea walinzi wakiondolewa mlangoni, Kenya ililipa sana kujifunza. Virusi vya UKIMWI huziua seli T zilezile zinazoamrisha makrofeji. Mwaka 1990 Kenya iliandikisha wagonjwa wa kifua kikuu takriban 11,000. Mwaka 2007 waliandikishwa zaidi ya 116,000. Madaktari walitarajia ukoma nao ulipuke, na haukulipuka. Ulijitokeza kwa njia nyingine: mwaka 2003 iliripotiwa habari ya mgonjwa kutoka Uganda aliyekuwa akiishi London, ambaye alama za ukoma zilimtokea baada ya kuanza dawa za kupunguza makali ya virusi. Bakteria walikuwamo muda wote. Kinga iliporudi ikawakuta, na mabaka yakawa ishara ya kinga inayoamka.

Ukitazama mkono wa kushoto wa Mkenya, sehemu ya chini ya kiwiko, mara nyingi utaona kovu dogo la mviringo. Ni alama ya BCG, chanjo iliyotengenezwa na Albert Calmette na Camille Guérin wa Ufaransa. Walimkuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kizazi baada ya kizazi, mara 230 katika miaka 13, hadi akapoteza makali, na mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris akapewa kwa mara ya kwanza. Nchini Kenya chanjo hii hutolewa mara tu mtoto azaliwapo, na tangu mpango wa taifa wa chanjo uanze mwaka 1980 imefika hadi zahanati za ndani kabisa za Kinango na Lunga Lunga. Kazi yake ni kuziandikia seli T kumbukumbu mapema, kabla adui wa kweli hajafika.

Inaandika vizuri kiasi gani? Hapo Afrika Mashariki ilitoa majibu yaliyowachanganya wataalamu. Mashariki ya Uganda, katika miaka ya 1960, maelfu ya watoto wa familia zenye wagonjwa wa ukoma walichanjwa BCG, na ukoma kati yao ukapungua kwa karibu asilimia 80. Jaribio kama hilo huko Burma lilipata kinga ya asilimia 20 hivi tu. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba wenye kovu la BCG walikingwa dhidi ya ukoma kwa asilimia 81, na dhidi ya kifua kikuu kwa asilimia 22 pekee. Kovu ni lilelile, mkono ni uleule, na bakteria wenyewe ni ndugu.

Msambweni ndiko swali hilo lilikoulizwa kwa namna mpya.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani walikuwa wakifuatilia kichocho katika vijiji kama Milalani na Nganja, ambako konokono wanaobeba vimelea huishi katika madimbwi yanayotumiwa na watu kuoga, kufua na kuchezea. Ukanda huohuo ulikuwa na matende na mabusha, yaletwayo na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Minyoo nayo hukaa mwilini kwa miaka mingi, na ili isishambuliwe huishawishi kinga igeukie upande mwingine, mbali na ule wa intaferoni gama. Je, mama mwenye minyoo anamrithisha mwanawe mwelekeo huo?

Kundi lililowajumuisha Indu Malhotra, Peter Mungai, John Ouma, James Kazura na Christopher King lilianza na damu ya kitovu, ile inayobaki kwenye kondo mtoto akishazaliwa. Mwaka 1997 walichapisha kwamba seli za watoto wachanga wa Kwale zilikuwa tayari zinaitikia protini za minyoo na hata za bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Mtoto hajavuta pumzi ya kwanza, na kinga yake imekwisha kukutana na maradhi ya mama. Kisha mwaka 1999 yakaja matokeo yaliyosomwa dunia nzima. Watoto wa miaka 2 hadi 10, ambao kinga yao haikuguswa na kichocho wala matende tumboni mwa mama, seli zao zilitoa intaferoni gama mara 10 zaidi zilipoonyeshwa protini za kifua kikuu kuliko za watoto walioguswa. Watoto wachanga waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walionyesha tofauti kubwa zaidi: wale ambao hawakuguswa na minyoo tumboni walitoa intaferoni gama mara 26 zaidi.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, nayo haina budi kubadilisha namna tunavyolitazama lile kovu. Watoto wawili wamechanjwa siku moja, na nesi mmoja, kwa chupa moja ya dawa. Makovu yao yanafanana. Kumbukumbu zilizoandikwa ndani yao hazifanani hata kidogo, kwa sababu mmoja aliingia duniani na kinga iliyokwisha kugeuzwa uso.

Kama ni hivyo, kumpa mama mjamzito dawa ya minyoo kungemwokoa mtoto. Wazo hilo lilijaribiwa Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 2003, ambapo wajawazito 2,507 walipewa dawa za minyoo au vidonge vitupu, na watoto wao wakafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwavunja moyo wengi: dawa za ujauzitoni hazikuongeza mwitikio wa watoto kwa BCG. Wapo wanaoona kwamba Entebbe imeibatilisha Msambweni. Hukumu hiyo ni ya haraka. Minyoo iliyotawala Entebbe haikuwa ileile ya Kwale, mzigo wa maambukizi haukuwa sawa, na dawa inayotolewa mimba ikiwa imekwisha kukua huenda inafika kinga ya mtoto ikiwa imeshaonja. Kundi la Msambweni lenyewe liliendelea, na mwaka 2015 likaripoti kwamba maradhi ya vimelea ya mama yalihusishwa na kingamwili pungufu za mtoto dhidi ya chanjo nyingine pia, zikiwemo za dondakoo na za bakteria wa Hib.

Wakati hoja hizo zikiendelea, Kwale yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 2003 kampeni ya kugawa dawa za matende kwa umma, iliyokuwa imeanzia Kilifi mwaka uliotangulia, ilifika Kwale. Kati ya 2015 na 2017 kaunti hii ilikuwa uwanja wa jaribio kubwa la TUMIKIA, lililogawanya jamii katika makundi 120 ili kulinganisha dawa za shuleni na dawa za nyumba kwa nyumba. Pale ambapo kila mtu alipewa dawa mara mbili kwa mwaka, maambukizi ya minyoo ya safura yalishuka kutoka takriban asilimia 20 hadi 6. Wasichana waliokuwa wadogo wakati huo sasa wanaanza kuwa mama, na mimba zao zina minyoo michache kuliko za bibi zao.

Chanjo nayo inatafutiwa mwenzake. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya chanjo iitwayo M72, iliyojaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini kwa watu wazima ambao tayari walikuwa na bakteria wa kifua kikuu waliolala. Ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu katika miaka mitatu. Jaribio la mwisho, kubwa zaidi, lilianza mwaka 2024. Kwa mara ya kwanza kuna ushahidi mzito kwamba walinzi waliokwisha kuwapo wanaweza kuongezewa nguvu, hata adui akiwa ndani.

Ukoma haujaondoka. Kwale na jirani yake Kilifi ni miongoni mwa kaunti ambazo bado zinaandikisha wagonjwa wapya, na kila mtoto anayegunduliwa maana yake karibu naye yupo mtu mzima ambaye hajatibiwa. Madaktari vijana wengi hawajawahi kuona ukoma, hivyo mabaka hupewa dawa ya fangasi mwaka baada ya mwaka huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Kwa hiyo msomaji wa pwani aijue alama hii: baka lililopauka au lenye wekundu ambalo haliwashi, haliumi, wala halisikii likiguswa kwa pamba. Dawa hutolewa bila malipo, na siku chache baada ya kuzianza mgonjwa haambukizi tena. Mwenye baka la namna hiyo asingoje lipotee lenyewe. Aende kituo cha afya kilicho karibu, na aombe wote anaokaa nao nyumba moja wapimwe pia.